Kitanda cha Dirishani

Msasani, Tukuyu
3 Machi 1996

Dada mpendwa Tusekile,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza rasmi kwamba Mwenyekiti, jogoo mwekundu wa marehemu mama, amehama nyumbani tangu Jumatatu iliyopita na kufanya makazi yake kwa Lightness. Hakuaga wala hakuacha maagizo. Anawika huko huko ng'ambo ya migomba, na mimi namsikia vizuri kabisa.

Baada ya tangazo hilo zito, habari za Dar? Goti lako vipi? Shemeji na mpwa wangu Prisca hawajambo? Sisi tu wazima. Mvua ni ile ile, nguo tunakaushia jikoni, na mke wangu Atuganile anasema shati langu la shule sasa linanuka moshi kuliko mimi.

Sasa tucheke, ila nusu tu. Yaani hata kuku, dada! Unakumbuka msibani, mchungaji aliposema watoto wa marehemu wasogee mbele? Walisogea watu thelathini na kitu. Mimi na wewe, aliotuzaa mwenyewe, tukajikuta nyuma ya muuza mitumba wa Kyimo. Lightness alilia mpaka akashikwa na kina mama watatu. Mimi nilishikwa na mmoja, naye nadhani alikuwa anatafuta pa kuegemea.

Na huyo Lightness ni wa juzi! Miaka minane tu tangu mama amkute wodini, mumewe dereva wa lori amemshusha na uchungu wake akaendelea na safari. Unajua mama na ndoo yake ya uji, kila Jumanne na Ijumaa, na swali lake moja kwa nesi: "Leo kitanda gani hakina mgeni?" Alimkuta Lightness kwenye kitanda kama hicho, hana wa kuja kumwona, akamletea uji, akamleta nyumbani, mtoto akazaliwa akabebwa kwa khanga za mama. Nadhani mimi na wewe tulionekana tuna mgeni siku zote, ndiyo maana hatukuulizwa.

Haya, nisimalize karatasi.

Mdogo wako,
Ambokile


Temeke, Dar es Salaam
21 Machi 1996

Mdogo wangu Ambokile,

Nakusalimu sana wewe na wifi yangu. Barua nimeipata kwa dereva wa basi pamoja na mkungu, ndaga fijo, asante sana. Ndizi zilifika zimeiva upande mmoja, tukazila upande huo kwanza. Goti linalalamika kama mwenye goti.

Prisca amecheka habari za Mwenyekiti, halafu akajifungia chumbani. Ni yeye aliyempa jogoo jina hilo akiwa na miaka sita, na bibi yake akalishika. Mtu mzima na adabu zake anasimama uani, "Mwenyekiti, karibu mahindi." Nani mwingine angemfanyia mtoto hivyo?

Lakini gwe Ambokile, usinililie wivu. Mwenye wivu ni mimi. Ijumaa ile mimi nilikuwa dukani kwangu nabishana na mteja kama khanga ni ya Kenya au ya hapa, maana siku hizi za ruksa kila kitu kinaingia. Nabishana, na mama anakata roho! Wewe ulikuwepo. Wewe ulimshika. Nikikumbuka nesi alivyosema, "Tulimkuta mikononi mwa mwanawe," nashukuru kwa dakika moja, halafu nakuchukia siku nzima. Mungu anisamehe, nimeliandika kama lilivyo.

Nimeshaongea na fundi wa marumaru. Jiwe la kaburi litaandikwa hivi: TULINAGWE. MAMA, BIBI, MTUMISHI WA WAGONJWA. ALILALA MIKONONI MWA MWANAWE AMBOKILE.

Na mwezi wa saba tukienda kuweka msalaba kaburini, Lightness akae na majirani. Safari hii watoto wa mama watakuwa wawili.

Dada yako,
Tusekile


Msasani
14 Aprili 1996

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri isipokuwa baiskeli yangu, ambayo imekatika mnyororo kwenye mteremko wa Kyimo mbele ya darasa la tano lote. Wameniombea.

Kuhusu marumaru, nimekaa nikawaza. Je, maneno hayajawa mengi? Mama hakupenda maneno mengi. MAMA, BIBI, MTUMISHI WA WAGONJWA inatosha kabisa. Mstari wa mwisho ungeachwa. Jina langu ni refu, litakula nafasi.

Halafu nikuchekeshe. Jumanne iliyopita niliamua kwamba uji wa mama haupaswi kuachiwa mtu wa nje. Nikaamka mapema, nikachukua unga ambao kina mama wa hapa wanachangia, kikombe kwa kila nyumba kama alivyowazoesha, nikapika mwenyewe. Dada, yale mabonge ungeweza kujengea nyumba. Nikaingia wodini kifua mbele. "Leo kitanda gani hakina mgeni?" nikamuuliza nesi, kwa sauti ile ile ya mama. Nesi akachungulia nyuma yangu.

"Lightness anaumwa?"

Bibi mmoja akanywa mara mbili, akanirudishia kikombe kwa heshima zote. "Mwalimu," akasema, "huu nitautafuna kesho."

Lightness alikuja baadaye na ndoo yake. Hakunicheka. Alichukua uji wangu, akauchuja, akauchanganya na wake. Angenicheka ningemsamehe.

Basi, huo mstari uuache, dada. Nakuomba.

Mdogo wako,
Ambokile


Temeke
6 Mei 1996

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, tu wazima, goti siyo.

Umechelewa. Jiwe limeshachongwa na limeondoka na basi jana, limefungwa kwenye godoro kuukuu la Prisca. Lipokee. Na acha kujishusha, unajishusha tangu darasa la kwanza. Kama jina ni refu, marumaru ni pana.

Ila nina jambo, na jambo hili linaninyima chakula. Miezi hii yote hujaniambia mama alisema nini mwisho. Nilipokuuliza msibani ulisema una kazi ya kupanga viti. Nimekungoja. Alinitaja? Kama hakunitaja, niambie pia. Kama alikutaja wewe peke yako, nitaumia, lakini nitajua.

Niandikie.

Dada yako,
Tusekile


Msasani
9 Juni 1996

Dada yangu Tusekile,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Sisi wazima. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Niliianza hii mara nne, na mara zote niliishia kwenye mvua. Leo siandiki habari za mvua.

Ijumaa ile nilimpelekea mama uji wodini kwenye chupa ya chai. Alikunywa kidogo, akatazama mlangoni.

"Lightness hajafika?"

"Mimi nipo, mama."

"Wewe nakuona. Yeye hajafika, na mvua hii."

Basi, ni hilo tu. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, mwalimu wa kuwafundisha watoto wa wenzake kugawana, nilifunga chupa yangu nikaondoka. Sikuaga. Nikapanda gari lililokuwa linakwenda Kiwira, nikaingia kwenye banda la video. Nilikaa benchi la mbele, chupa ya uji katikati ya magoti, nikiangalia Wachina wakipigana mateke. Sikuelewa nani adui wa nani. Nilikuwa napanga maneno ambayo mama angeniambia nikirudi, akiniomba radhi.

Nilirudi saa kumi. Nilipoingia wodini Lightness alikuwa ameketi kitandani kwa mama, anamfumba macho. Aliponiona akasimama. Akamwinua mama, akamlaza mikononi mwangu, ndipo akaenda kumwita nesi. Nesi alipofika akaona alichoona, akasema alichosema, na mimi nikanyamaza. Mchungaji akakisoma kwenye wasifu, nikanyamaza. Wewe ukanikumbatia kwa ajili yake, nikanyamaza.

Tangu siku ile nilijua moyoni kwamba mama alifia mikononi mwa Lightness. Ndiyo maana nilimchukia. Kila nilipomwona na ile ndoo niliona kitu changu mikononi mwake.

Kwa sababu umeuliza, juzi nilikwenda kwake kumuuliza. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Akasema mama hakututaja, dada. Hakukutaja wewe, wala mimi, wala yeye. Lightness alipofika alitaka kumnywesha, mama akakisukuma kikombe. "Usihangaike na mimi," akasema. "Kitanda cha dirishani hakijanywa." Kwenye kitanda hicho alikuwepo ajuza mmoja kutoka milimani, asiye na mtu. Lightness akampelekea. Alimnywesha kwa kijiko mpaka kikombe kikaisha. Alipogeuka, mama alikuwa ameshakwenda.

Hakuna aliyemshika. Kile ambacho wewe unanionea wivu mimi, na mimi namwonea yeye, hakuna aliyekipata.

Nikamuuliza mbona alinipa nafasi ambayo si yangu. Akasema, "Mimi aliniagiza kazi, Mwalimu. Wewe hukuagizwa kitu. Nikaona nikupe."

Jiwe lipo chini ya kitanda changu, maandishi yakitazama sakafu. Fundi wa hapa anasema mstari wa mwisho anaweza kuusugua, lakini alama itabaki. Uamuzi ni wako. Na siku ya msalaba, Lightness atakaa wapi, hilo pia useme wewe. Mimi sina tena sauti ya kulisemea.

Na Mwenyekiti hakuhama. Nilimfukuza mwenyewe, kwa fimbo. Tangu tuzike, kila kulipopambazuka alikwenda kuwika kwenye mlango wa mama. Mlango wangu uko hatua nne pembeni. Hakuwahi kuwika hapo hata mara moja.

Mdogo wako,
Ambokile