Mkia wa Jina

Kipawa, Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Newala? Mihogo mmeshaanika? Sie huku tupo tu. Mtoto ananyonya vizuri, mie nakula nikikumbushwa. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungelia, nami nisingejua niseme nini. Tangu tumzike Gaspar sijalia. Nafua, napika, ndege zinapita juu ya bati, basi.

Mama mkwe bado tunaye hapa. Ananisaidia sana, sikatai. Lakini mtoto alipozaliwa wa kike alisema hakijaharibika kitu, jina la marehemu litawekewa mkia tu, aitwe Gasparina. Akaanza kumwita mwanangu Gaspar, anamfunika kwa shati la babaye, anamuuliza mbona aliondoka bila kuaga. Jirani yetu Raudha akamtania kwamba mtoto mwenyewe hata meno hana, atajibu kesi gani.

Tulipokwenda kuandikisha ubatizo, mwalimu wa dini, mzee Augustine, aliyesomaga seminari, akatueleza kwamba mikia hiyo imetoka mbali. Hiyo "ina" ni ya Kilatini, maana yake kama kusema "wa fulani". Hata jogoo walimwita gallus, kuku jike akawa gallina. Wajerumani nao wana "in" yao. Na ile "esi" ya prinsesi ilianzia kwa Wagiriki, ikapita Roma na Ufaransa hadi kwa Waingereza. Mama mkwe akafurahi, akasema si mnaona, hata Wazungu wanajua huyu ni wa Gaspar. Mie nikamuuliza mwalimu, mwenye mkia akiitwa, anaitika nani? Akafungua daftari, akauliza aandike jina gani.

Hapo nikamwambia mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba mtoto ataitwa Monica. Alilia, akasema namuua mwanawe mara ya pili. Nilimshika mkono, ila jina sikubadilisha. Shati nimemwachia. Siku ya ubatizo alikuja, akakaa benchi la nyuma.

Sasa mama, kuna jambo sijawahi kukwambia, na usilichukue kama lawama. Najua kaka Alfonsi alikufa kabla sijazaliwa, na mie nikawa Alfonsina ili usikose wa kumwita. Ukinipakulia chakula ulikuwa unaukata mkia, unaita Alfonsi, macho yako yananipita, yanakwenda mlangoni. Wasichana wenzangu wakiitwa na mama zao waliitika abee. Mie nilikuwaga naitika naam, kama wavulana, ili ufurahi. Na ulikuwa unafurahi. Nilijua huniiti mie.

Msalimie dada Noela na wote wanaoniulizia. Magoti yakiruhusu, njoo umwone Monica, umwite kwa jina lake. Na mie niite mara moja tu, jina lote.

Nitaitika abee.

Mwanao,
Alfonsina