Pickup Alizoniwekea Nzuki

Katunge, uko? Nzuki amenisaliti. Nzuki wetu, wa besi kwa bendi! Siamini.

Si unakumbuka nilimpa gita anibadilishie pickup, zile za kunasa sauti ya nyuzi? Nilimwambia mara tatu: nataka nzito, za muziki wa metal. Akasema, "Niachie mimi." Niachie mimi!!

Leo ameileta hapa nyumbani Mukuyuni. Nikachomeka kwa amplifaya, nikafungua distortion yote, ile ya kukwaruza sauti, nikachapa. Wapi! Sauti nyembamba, tamu tamu, kama gita ya benga.

Nikamwangalia. Akatazama chini. "Tulia bana. Nimeshatupatia kazi ya harusi huko Salama, na hao hawataki makelele."

NIMESHATUPATIA. Yaani alichagua hizo pickup akijua!

Nikapiga tena kwa hasira, aone vile ameniharibia gita.

Mlango ukafunguka. Ni mamangu. Huyo huyo hufunga madirisha nikishika gita. Ameingia akitingisha mabega, Katunge. Anacheza!

Miaka sita napiga metal kwa hiyo nyumba. Leo ndio ananiambia, "Mwanakwa, kumbe unajua kupiga gita!"