Usishuke Mpaka Uruhusiwe

Kenora, Ontario
3 Mei 2016

Mpendwa Reino,

Natumaini u mzima na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo kidogo. Tarehe 20 wananipasua moyo, na daktari hakunificha: naweza nisiamke. Nataka kukuona kabla. Miaka kumi na moja hatujasemezana, na najua kisa ni mimi.

Ila ukija na ndege yako, tafadhali usitue ziwani.

Dada yako,
Aili

Ely, Minnesota
8 Mei

Dada Aili,

Shikamoo. Barua imenikuta mzima, ikaniacha hoi. Siku ile, miaka kumi na moja iliyopita, nilivuka mpaka na kutua ziwani mbele ya nyumba ya Mama bila kuwapigia simu forodha kwa sababu alikuwa anakata roho. Wewe, afisa wa forodha, dada wa tumbo moja, ukaniripoti! Nilihojiwa hadi jioni. Nilipomfikia, walishamfunika.

Haya, safari hii sikupi sababu. Ndege nimeivua maboya ya kutulia majini, nimeifunga magurudumu. Orodha ya watakaokuwemo ndegeni nimepeleka: rubani mmoja, abiria hakuna. Pasi ya kusafiria ni mpya. Forodha ya kwenu nimewapigia: natua uwanjani tarehe 14, saa nne kamili asubuhi. Hata samaki wa moshi ninayekuletea nimemtaja. Umeridhika, bibi mkubwa?

Mdogo wako,
Reino

Kenora
15 Mei

Mdogo wangu Reino,

Umefika nyumbani salama? Mimi nahema kidogo, lakini nina furaha.

Jana nilisimama kwenye uzio tangu saa tatu. Ulipotokea nikadhani unatua, kumbe ukaanza kuzunguka. Dakika kumi na mbili, mjinga wewe, unangoja saa nne kamili! Nilicheka, kisha nikalia. Halafu ukatua, ukakaa ndani ya ndege nusu saa ukimsubiri afisa, nami niko hatua thelathini tu. Miaka ishirini na sita niliwaambia marubani, "Usishuke mpaka uruhusiwe," nikaenda zangu kunywa kahawa. Sikujua nusu saa ni ndefu hivyo.

Na jana nilishindwa kukuambia hili: siku ile ulipokuwa unahojiwa, Mama alikuita mara tatu. Nisamehe.

Dada yako,
Aili

Ely
17 Mei

Dada Aili,

Shikamoo. Goti linauma, na barua yako imeniuma zaidi. Nimeilia. Lakini nilikusamehe pale uwanjani, nilipokuona umeshika ule uzio kwa mikono miwili.

Forodha nimeshawapigia tena: tarehe 21, kesho yake baada ya upasuaji wako, saa nne kamili. Wameniuliza nakuja kufanya nini, nikasema kuzungumza na dada yangu. Kuwadanganya forodha ni kosa, wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa hiyo amka.

Mdogo wako,
Reino