Mwandishi wa Barua wa Mazinde

Mjukuu wangu Zaina,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Sindeni mwaka huu mahindi yamekubali, na goti la babu yako limepoa.

Umeniuliza kama ni aibu kumweleza mshauri wa mtandaoni, mtu baki, wasiwasi wako na mambo yako na mumeo.

Nilipoolewa tulikaa Mazinde. Babu yako alikuwa akikata mkonge, na akirudi hasemi neno. Nikajua hanitaki. Kuandika sikujua bado, nikaenda kwa mzee aliyewaandikia watu barua, amwandikie mama aje kunichukua.

Akaniuliza, "Mumeo umemweleza?"

Nikalia, nikasema yote. Hakunikatiza. Hakuwa ndugu wa upande wowote, basi sikuogopa. Nilipomaliza, moyo ulikuwa mwepesi.

"Niandike?"

"Hapana, mzee. Kwanza nikaseme nyumbani."

Jioni nilimweleza babu yako. Akaacha kula, akanitazama. "Mimi nilidhani wewe ndiye usiyenitaka."

Basi zungumza na mshauri wako, mama. Mnayosemezana sihitaji kuyajua. Ukipiga simu, niambie tu kama siku hizi unapata usingizi.

Ni mimi bibi yako,
Mwanahamisi