Herufi ya Kumwandikia Haruka

Yokote, Akita
16 Februari 2009

Mpendwa dada Sumie,

Shikamoo, dada. Habari za huko Brazili? Goti linaendeleaje, na shemeji ameacha sigara au bado anajificha nyuma ya banda la kuku? Mimi ni mzima, ila mgongo tu. Theluji ya mwaka huu haina huruma, nami niko peke yangu na sepetu langu.

Nimekuwa bibi, dada. Kohei na mkewe Asami wamepata mtoto wa kike kule Osaka, tarehe 31 Januari. Mama na mtoto wote wazima. Sijamwona bado. Picha ilikuja kwenye simu, lakini simu hiyo na miwani yangu havipatani.

Kesho yake Kohei alinipigia, mbio mbio, kelele za hospitali nyuma yake.

“Mama, anaitwa Haruka. Tuandikie ile karatasi ya jina ya kubandika ukutani siku ya saba, kwa brashi yako, uitume upesi.”

“Niandike kwa herufi ipi?”

“Aa, mama naye! Si unaijua mwenyewe!” Akakata.

Wewe ukisikia Marcelo umeshajua kumwandika mjukuu wako. Huku, kama hujasahau, Haruka anaweza kuandikwa kwa namna ishirini, na kila namna ina maana yake.

Nilikuwa na tamaa moja tangu mimba ile, sikumwambia mtu. Nilitaka mtoto apewe herufi ya marehemu mume wangu Haruyoshi, ile “haru” ya anga kutakata baada ya mvua. Huu ni mwaka wa tatu tangu atuache, na herufi ile imebaki kaburini tu. Lakini herufi haiombwi, wazazi ndio wanaochagua. Nikajiambia, Kohei angeitaka angeitaja.

Jina Haruka kwa namna inayojulikana na kila mtu huandikwa kwa herufi moja, ile ya “mbali”. Nikaona ndiyo aliyoikusudia. Na nikuambie kweli, nilikuwa na kinyongo. Tangu mazishi Kohei hajatia mguu hapa. Nikasema moyoni, haya, mbali, si ndiko mliko! Nikasaga wino, nikaandika, ikatoka nzuri kuliko chochote nilichoandika mwaka huu. Nikaipeleka posta.

Siku ya saba nilipika wali wa maharage mekundu, kikombe kimoja cha mchele, nikamwekea Haruyoshi kidogo mbele ya picha yake. Jirani yangu Kuwabara akachungulia mlangoni.

“Bibi mpya! Sherehe gani hii ya mtu mmoja? Hata mtoto mwenyewe hayupo!”

Nikacheka naye, nikampakulia. Alipoondoka nililia mpaka chai ikapoa.

Jana Kohei alipiga tena. Walimwandikisha Ijumaa, siku ya mwisho inayokubaliwa na ofisi.

“Mama, asante. Tumemwandika kama ulivyotaka.”

“Nilivyotaka vipi?”

“Sisi tulichagua ‘haru’ ya baba, na ‘ka’ ya harufu nzuri. Nilidhani utajua tu! Karatasi yako ilipofika Asami akasema tukuulize. Nikamwambia mwache mama, pengine kuiona herufi ile kila siku bado kunamuuma. Basi tukafuata yako.”

Jina likishaandikishwa, kulibadilisha ni mpaka mahakamani. Mwanangu kaiacha herufi ya baba yake ili asiniumize, na aliyeifuta ni mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu nilinuna badala ya kuuliza mara ya pili.

“Umefanya vyema, mwanangu,” nikamwambia. Akafurahi sana. Sijamweleza ukweli na sidhani kama nitaweza. Wewe pia usimwambie. Nimekuandikia kwa kuwa hapa nyumbani sina mwingine wa kumwambia.

Nisalimie shemeji Tadao, Marcelo na dada yake Helena. Wazee wetu waliotangulia wawalinde, na mashamba yenu yazae.

Ukimtumia mtoto kadi, nakuomba usikosee ukamwandika kwa herufi ya shemeji yako Haruyoshi. Andika ile ya mbali. Ndilo jina lake.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Fumie