Mabawa Yasiyo na Ndege

Jumanne, 9 Juni. Asubuhi manyunyu na upepo kidogo. Rangi haikauki upesi.

Mpendwa Mama Mshauri,

Nivumilie, nimezoea kuanza na tarehe na hali ya hewa kama kwenye shajara yangu, ndivyo ninavyotuliza moyo kabla ya kusema jambo, na jambo lenyewe nimelitazama mpaka macho yameniuma, naomba unitazamie na wewe. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tukitengeneza kadi za salamu kwa mkono, kwenye meza ya mama karibu na dirisha, tunakata maumbo kwenye plastiki ngumu ya majalada ya faili, tunailaza juu ya karatasi ya manila, tunagongagonga rangi kwa sponji, na kadi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya ndege, ambaye hutoka kwa stensili mbili, yaani plastiki mbili zilizokatwa umbo, ya kwanza kiwiliwili cha bluu, hiyo yangu, na kikikauka inafuata ya mabawa mekundu, hiyo yake. Ili mabawa yasiotee shingoni tunaweka nukta za penseli kwenye pembe za kadi, stensili zote mbili zinafuata nukta hizo, mwishoni nazifuta kwa raba, na kufuta ni kazi yangu peke yangu, ndiyo alama kwamba nimeikagua kadi na imepita.

Mwaka jana mume wake alihamishwa kikazi, naye akamfuata. Siku ya kufunga mizigo alichukua stensili yake akanipepea nayo usoni.

"Dada, hii naondoka nayo."

"Ukaitumie wapi? Mabawa yatembee yenyewe?"

"Na wewe utaruka na nini, kuku wewe?"

Tulicheka mpaka mama akauliza tumekula nini. Nilidhani ni utani, alipoondoka nikafungua kasha la stensili, haipo. Nikajiambia atapiga simu, nikasubiri, naye nadhani anasubiri nipige mimi, basi salamu zetu zinapitia kwa mama, "mwambie sijambo," "mwambie nami sijambo," na hapo ndipo tulipofika, watu waliolala kitanda kimoja utoto mzima. Nimejaribu kukata mabawa mengine, ni mabawa kweli, lakini ndege anaonekana kama amevaa koti la kuazima. Mwenye duka anayetuuzia kadi ananiambia, "Achana na ndege, niletee maua," na maua nimeshayachora.

Sasa wiki iliyopita imekuja bahasha yenye mwandiko wake, nikaifungua, ndani kuna kadi yenye mabawa mekundu tu, katikati peupe, hakuna neno hata moja, na nukta za penseli ziko palepale pembeni, mtu niliyemfundisha mwenyewe! Shangazi alipoiona akasema, "Huyo anakucheka. Amekutumia kazi mbovu ujue hakuhitaji." Nimeiegemeza dirishani na kila nikipita naongea nayo. Niitupe nihamie kwenye maua, au nimwandikie nimuulize ana maana gani? Nilikusudia kuamua leo, nimeshindwa.

Nimelala saa sita kasoro robo.

Dada Mtu

MAMA MSHAURI ANAJIBU:

Pole, Dada Mtu. Kukaa peke yako kwenye meza ya watu wawili si mchezo. Pole imeishia hapo, sasa nikugombeze.

Wewe ni mtu wa utaratibu kiasi kwamba umeamka asubuhi ukaongeza kwenye barua saa uliyolala, halafu utaratibu wako mwenyewe umeshindwa kuusoma! Nani hufuta nukta? Wewe. Unazifuta lini? Kadi ikiisha. Basi kadi yenye nukta ni mbovu? Haijaisha, mama! Angetaka kukucheka angekutumia ndege mzima, kiwiliwili amekata mwenyewe, pembe zimefutwa safi, uone kwamba anaweza bila wewe. Yeye amekuachia nafasi katikati, na alama za kulazia stensili yako amekuachia. Miaka yote ulitangulia wewe akafuata yeye. Safari hii ametangulia yeye, na wewe umesimama hapo unaongea na dirisha. Hakuandika neno kwa sababu hajui aanzie wapi, kama wewe usivyojua.

Shangazi mpe chai, usimpe kadi. Mwenye duka mpelekee maua yake, hayajakukosea. Kisha kaa pale mezani, laza stensili yako kwenye nukta, rangi kidogo tu kwenye sponji isije ikavuja, umpe ndege mwili. Ikikauka usiitie kwenye bahasha. Panda gari uipeleke mwenyewe, na usifungue mdomo kuuliza nani aliondoka na cha nani.

Raba nayo uibebe. Ukifika, mpe yeye afute.