Mtoto Akilia Kwenye Kiti cha Gari

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Sumbawanga baridi imekaza, ila sote tu wazima. Umeniuliza kama umfungue binti yako akilia kwenye kiti chake cha gari.

Nikiwa msichana, shangazi yangu, muuguzi, alituendesha kuteremka bondeni Mtowisa. Mwanawe alilia kitini njia nzima.

"Mfungue, shangazi, nimpakate," nikasihi.

"Mwache alie, mwanangu. Nitamwimbia."

Akaimba. Kwenye kona ng'ombe akakatiza, shangazi akakanyaga breki. Mimi nikajigonga kwenye dashibodi. Mtoto hakusogea, akauliza tu, "Ng'ombe kaenda wapi?"

Mpaka leo namstaajabia mwanamke yule. Hakunisema hata neno. Alinifuta damu, akanifunga mkanda mimi pia, ndipo akaondoa gari.

Bibi yako